Ukuta Huja na Lori, Msingi Hauji

Kila nikisema kwamba kazi yangu ni kusimamia majengo ya kuunganisha, yale ambayo vipande vyake hutengenezwa kiwandani na kuja kufungwa saiti, swali la kwanza ni lilelile: yanachukua siku ngapi? Wengi wameona kwenye simu zao video ya hospitali ya Huoshenshan kule Wuhan, China, yenye vitanda 1,000, iliyoanza kujengwa tarehe 23 Januari 2020 na kukamilika tarehe 2 Februari. Kwa mtu aliyekaa miaka na boma lisilo na bati pale Nzuguni, Dodoma, habari hiyo inamwingia moyoni, na simlaumu hata kidogo.

Ninachomjibu ni kwamba hospitali ile haikuanza Januari 2020. Mfano wake ulikuwa hospitali ya Xiaotangshan iliyojengwa Beijing mwaka 2003 wakati wa mlipuko wa ugonjwa wa SARS, kwa hiyo mengi ya kuamua yalikuwa yameshaamuliwa miaka 17 nyuma. Na kabla chumba cha kwanza hakijashushwa, maelfu ya watu na mitambo walisawazisha ardhi na kumwaga zege usiku na mchana. Video inayopendwa ni ile ya kreni ikishusha vyumba. Kazi ilikuwa imefanyika kabla ya hapo. Kwa miaka yote niliyofanya shughuli hii Dodoma mjini na wilayani, karibu kila jengo la kuunganisha nililoitwa kwenda kulitazama kwa sababu linasumbua, ugonjwa wake haukuwa kwenye paneli, yaani vile vipande vya ukuta na paa. Ulikuwa chini ya paneli, au pale paneli moja inapokutana na nyingine.

Nilianza kama saidia fundi, nikawa fundi mwashi, kisha nikasomea ufundi sanifu. Majengo haya nilikutana nayo baada ya 2016, Serikali ilipoanza kutekeleza kweli uamuzi wa kuhamia Dodoma uliokuwepo tangu 1973. Mji ulijaa wakandarasi. Kila mradi ulitaka ofisi ya saiti, stoo, jiko na mabweni ya vibarua, na vyote vilitakiwa kabla mradi wenyewe haujaanza. Mtumba ilipozinduliwa kuwa Mji wa Serikali Aprili 2019, paneli za bati zenye sponji ngumu katikati zilikuwa zimeshakuwa kitu cha kawaida machoni petu. Kambi ya mkandarasi ni shule nzuri sana kwa fundi, kwa sababu hujengwa, hufunguliwa, huhamishwa, hujengwa tena, na kila inapofunguliwa unaona kwa macho yako kilichooza na kilichosalimika.

Nianze na udongo, maana huko ndiko fedha za watu wengi zinakopotelea.

Kwetu ni Kongwa. Mtoto wa Kongwa hakui bila kusikia habari za mradi wa karanga ulioanzishwa na Waingereza mwaka 1947. Matrekta yalikuja, ratiba ilikuja, hesabu za mavuno zilikuwa zimeshapigwa huko huko London. Ambacho hakikupimwa sawasawa ni ardhi yetu na mvua yetu. Udongo ule una mfinyanzi, ukinyeshewa kisha ukapigwa na jua unakuwa mgumu kiasi cha kuharibu majembe ya mitambo. Mwaka 1951 mradi ulifutwa. Huwa naukumbuka kila ninapokuta lori limeegeshwa na paneli zimejaa juu yake, na pale pa kujenga hapajachimbwa hata shimo moja la kutazama udongo.

Sehemu nyingi za mji zina udongo mwekundu wa kichanga, na huo hauna makuu. Ukishuka mabondeni, au ukielekea Bahi, unakuta udongo mweusi wa mbuga. Kiangazi unapasuka nyufa za kuingiza mkono, na mvua ikija unafura. Wauzaji wa paneli hupenda kusema kwamba jengo jepesi halihitaji msingi mkubwa. Kwenye udongo mwekundu maneno hayo yana ukweli wake. Kwenye mbuga ni kinyume: jengo zito la tofali na zege angalau huukandamiza udongo, ilhali jengo jepesi hunyanyuliwa. Niliwahi kuitwa kwenye zahanati moja ya paneli ambayo milango yake ilifunga vizuri Oktoba, na ilipofika Februari hakuna hata mmoja uliokuwa ukifunga. Paneli zilikuwa nzima, ila upande mmoja wa jengo ulikuwa umepanda juu na mwingine umebaki pale pale, na fremu zote za milango zikapinda nao.

Dawa yake inajulikana na haina siri. Unauondoa udongo mweusi kwa kina ambacho mhandisi amekipima, unajaza moramu, ule udongo wa changarawe, tabaka kwa tabaka, kila tabaka lisizidi sentimita 15 kabla ya kushindiliwa, unazungushia jengo zege la pembeni ili maji yasijipenyeze chini ya ukuta, na unaweka mtaro upande maji yanakotokea. Dodoma hupata mvua isiyofika milimita 600 kwa mwaka, lakini inanyesha kwa mkupuo, kati ya Desemba na Aprili. Maji yanayokuja kwa saa moja ndiyo yanayotupa kazi. Shughuli hiyo yote haipendezi kwenye picha, na mara nyingi inachukua muda mrefu kuliko kufunga jengo lenyewe. Mwenye jengo asipoambiwa mapema, anaona anaibiwa muda.

Wepesi una upande wa pili, nao ni upepo. Miezi ya kiangazi upepo wa Dodoma unavuma mchana kutwa, na ukuta wa tofali unasimama kwa uzito wake. Ukuta wa paneli unasimama kwa sababu umefungwa. Kwa hiyo paa ni lazima lishikwe na nguzo, nguzo zishikwe na zege, na zege liwe zito vya kutosha kulishikilia jengo chini. Huwa nauliza hivi nikikabidhiwa mchoro: upepo ukitaka kulibeba paa hili, ni bolti gani itakayolizuia? Mchoro usiponijibu, naurudisha kwa mhandisi.

Sasa bolti zenyewe. Hapa ndipo mafundi wetu wazuri kabisa wa tofali wanapata shida, na sababu yake nataka ieleweke, maana si uzembe. Fundi mwashi amefunzwa kazi inayosamehe. Msingi ukitoka nje kwa sentimita mbili, mota, yaani saruji na mchanga wa kuunganishia tofali, inakula sentimita moja na plasta inakula nyingine, na mwenye nyumba hajui kamwe. Plasta ni kanga, inasitiri mengi. Ukifika kwenye nguzo za chuma zilizotobolewa matundu kiwandani Dar es Salaam, hakuna cha kusitiri. Tundu liko milimita fulani kutoka ukingo wa sahani ya chuma iliyo chini ya nguzo, na bolti iliyo ndani ya zege ama inaingia ama haiingii.

Nililiona hilo kwenye jengo moja la ofisi, ambalo zege la msingi lilimwagwa na kampuni moja na fremu ikaja na kampuni nyingine. Bolti zilikuwa zimechomekwa zege likiwa bichi, kwa kukadiria kwa jicho na kamba. Nguzo zilipokuja, chini ya nusu ndizo zilizokaa. Vijana wakaanza kupanua matundu kwa moto wa gesi ili sahani zishuke. Tundu la bolti likipanuliwa hivyo, nati inakaa juu ya uwazi, na ile nguvu iliyohesabiwa na mhandisi haipo tena. Kazi ilisimamishwa, tukatoboa zege upya na kupanda bolti nyingine kwa gundi ya kemikali, na gharama yake ilizidi kwa mbali gharama ya kitu ambacho kingezuia yote: kipande cha bati nene kilichotobolewa matundu yale yale ya sahani ya nguzo. Bati hilo unalifunga kwenye maboksi, yale ya kushikia zege bichi, kabla ya kumwaga zege, bolti zinapita ndani yake, unapima mlalo kwa mlalo kutoka kona hadi kona, na ukimaliza kumwaga unapima tena zege likiwa bado bichi. Kanuni ya tatu, nne, tano ambayo kila fundi mwashi anaijua inatosha kupata pembe mraba. Ujuzi tunao. Kinachotakiwa ni kukubali kwamba siku ya kumwaga zege ndiyo siku ya usahihi, na baada ya hapo hakuna siku nyingine.

Juu ya usafiri sitakaa sana. Kutoka Dar es Salaam hadi Dodoma ni kilomita zipatazo 450, mzigo unapita mizani ya Vigwaza na Mikese, na chumba kizima chenye upana wa mita tatu kinahitaji kibali maalum cha barabarani. Chumba kizima kikiwa juu ya trela, kwa sehemu kubwa umelipia kusafirisha hewa. Paneli zikilazwa zimebanana, lori moja linabeba jengo zima. Machi 2020 daraja la Kiyegeya kule Gairo lilipokatika kwa mvua, kila aliyekuwa anategemea kiwanda cha pwani alijifunza maana ya kutegemea barabara moja. Na hata barabara ikiwa nzima, kilomita za mwisho kwenda kijijini ndizo zinazoamua. Kreni haifiki kila mahali, na ikifika inalipwa kuanzia ilipotoka. Kwa kazi za vijijini nimejiwekea sharti kwamba kipande chochote kiwe cha kubebwa na watu wanne hadi sita.

Joto ndilo linalowaumiza wanaoishi humo, nao mara nyingi hawaulizwi. Tulikuwa tunafunga nyumba ya watumishi upande wa Mvumi, kontena mbili za futi 40 zilizokatwa madirisha, na jirani mmoja, mzee aliyekuwa akiishi kwenye nyumba aliyojenga kwa mikono yake, akawa anakuja kutuangalia kila asubuhi.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Hii nyumba yenu, inapumulia wapi?"

Nilimwonyesha madirisha. Akatikisa kichwa, akaniuliza joto la kwenye bati litatokea wapi likishaingia. Lilikuwa swali la kihandisi kabisa. Kontena tupu ni chuma kuta zote na paa; mchana wa Oktoba linachemka, na usiku wa Julai linapoa hadi unavaa koti ukiwa ndani. Upana wake ni mita 2.44 kwa nje, na ukishaweka kizuia joto na jipsamu pande zote mbili, chumba kinabaki chembamba kiasi kwamba kitanda kikilazwa kwa upana hakuna njia ya kupita. Tena kuta zake zilizokunjwakunjwa ni sehemu ya nguvu zake: ukikata ukuta mrefu wote ili kuunganisha makontena mawili bila kuweka fremu ya chuma, paa linalegea katikati.

Paneli zenye sponji ni bora kuliko kontena tupu, kwa sababu zinazuia joto lisipite upesi. Ila hazina uzito wa kulihifadhi. Tembe la Kigogo, kuta za miti na udongo na paa tambarare lenye tabaka nene la udongo juu, hufanya kazi nyingine: joto la mchana huchelewa kupenya, na usiku ukuta bado una uvuguvugu. Sisemi turudi kwenye tembe kama lilivyo. Nasema waliolijenga walikuwa wanajua jambo kuhusu nyuzi joto za hapa ambalo kiwanda cha mbali hakilijui, na anayeleta paneli Dodoma anapaswa kulijibu. Jibu ninalolipendekeza siku hizi ni paa la pili: bati lililoinuliwa juu ya dari ya paneli, likiacha nafasi ya upepo kupita katikati, na kuchomoza nje ya ukuta pande zote ili jua lisiupige ukuta wenyewe. Wazo hilo si jipya. Mfaransa Jean Prouvé alibuni nyumba za alumini na chuma kwa ajili ya Afrika, moja ikapelekwa Niamey mwaka 1949 na mbili Brazzaville mwaka 1951, zikiwa na baraza kuzunguka na paa lililopitisha hewa. Kwa upande wa joto alifikiri vizuri. Mradi haukuendelea, kwa sababu bei haikushuka chini ya nyumba iliyojengwa kwa vifaa vya palepale. Somo hilo la pili nalo linatuhusu, nitalirudia.

Kuhusu moto nitasema kwa kifupi na kwa uzito. Sponji ya paneli nyingi zinazouzwa ni polistirini, nayo inaungua na kutoa moshi wenye sumu. Kwa stoo au ofisi yenye milango miwili, inavumilika. Kwa bweni la wanafunzi mimi sishiriki, hata fedha ikiwa nzuri namna gani. Zipo paneli zenye pamba ya mwamba katikati, ambazo ni nzito zaidi na ghali zaidi, na pale watoto wanapolala hizo ndizo za kuulizia.

Narudi kwenye maungio. Mwaka 1968, tarehe 16 Mei, ghorofa la Ronan Point mashariki mwa London lililipukiwa na gesi kwenye nyumba moja ya ghorofa ya 18. Jengo lilikuwa la ghorofa 22, la paneli kubwa za zege zilizotengenezwa kiwandani. Mlipuko ulisukuma ukuta mmoja, na kona nzima ya jengo ikaporomoka kutoka juu hadi chini. Watu wanne walikufa. Jengo lilipofunguliwa kipande kwa kipande mwaka 1986, ilionekana kwamba baadhi ya maungio hayakujazwa mota ipasavyo, na mengine yalikuwa yameshindiliwa magazeti. Miaka ishirini baada ya London, tarehe 7 Desemba 1988, tetemeko la Spitak liliua watu wasiopungua 25,000 kule Armenia. Katika mji wa Leninakan maghorofa mengi ya nguzo na mihimili iliyounganishwa yalianguka, huku yale ya paneli kubwa yakisimama. Yote yalitoka viwandani. Tofauti kubwa ilikuwa katika namna vipande vilivyoshikana.

Nayaeleza haya kwa vijana wangu kwa sababu Dodoma iko kwenye mkondo wa mashariki wa Bonde la Ufa, na matetemeko tunayasikia. Bukoba, tarehe 10 Septemba 2016, tetemeko la ukubwa wa 5.9 lilitosha kuua na kubomoa nyumba nyingi. Jengo la vipande ni imara sawa na ungio lake lililo dhaifu kuliko yote. Kwa hiyo kila ungio la kuchomelea nalipiga burashi ya chuma na kulikagua kabla halijapakwa rangi, maana rangi ikishapita, aliyechomelea vizuri na aliyeparaza wanaonekana sawa. Chini ya sahani za nguzo tunajaza mota laini isiyosinyaa, na nasimama hapo hadi nione imetokeza upande wa pili.

Hata ungio dogo linadai heshima. Bati la mita sita likipata tofauti ya nyuzi joto 40 kati ya alfajiri na saa nane mchana, linarefuka kwa karibu milimita tatu, kisha linarudi. Kila siku. Skrubu iliyokazwa kupita kiasi inaliminya bati lisitembee, tundu linapanuka, mpira wa kuzuia maji unakatika, na mvua ya kwanza ya Desemba inaingia ndani. Silikoni inayopakwa juu ya tundu kama hilo haimalizi hata kiangazi kimoja, jua la Dodoma linaikausha. Kinachodumu ni bati la juu kulalia la chini, skrubu yenye mpira mzuri, na mkono wa fundi unaojua pa kuacha kukaza.

Nilisema nitarudi kwenye bei. Nyumba ya kiwandani inataka fedha yote kwa mkupuo: amana wakati wa kuagiza, salio kabla ya lori kuondoka. Sisi hatujengi hivyo. Mwalimu, muuguzi, mwenye duka la mahindi pale Kibaigwa, hujenga kadiri anavyopata. Mwaka huu tofali, mwakani msingi, mavuno yakiwa mazuri anapaua. Wengine wanaudharau utaratibu huo. Mimi nauona kama akiba ya watu ambao benki haiwakopeshi kwa masharti wanayoyaweza, na njia yoyote ya ujenzi isiyoukubali itabaki kuwa ya makambi na taasisi.

Ndiyo maana moyo wangu umehamia kwenye vipande vidogo vinavyotengenezwa hapa hapa. Lenta za zege zinazokaa juu ya milango na madirisha, mihimili ya sakafu ya ghorofa na vibao vyake vya kujazia, nguzo za uzio, kenchi za chuma, na tofali za kufungamana za udongo na saruji ambazo Wakala wa Taifa wa Utafiti wa Nyumba Bora na Vifaa vya Ujenzi, wengi tunauita NHBRA, umezifundisha kwa miaka mingi. Tofali hizo hazihitaji mota kati ya mstari na mstari, ila mstari wa kwanza ukikosea, kosa linapanda nao hadi juu. Ni habari ile ile ya bolti. Lenta ya mita moja na nusu, sentimita 15 kwa 15, ina uzito wa kilo 80 hivi. Vijana wanne wanaipandisha ukutani bila kreni, na siku hiyo hiyo ujenzi unaendelea juu yake, badala ya kufunga maboksi, kuweka mirunda na kungoja.

Faida kubwa ya uwanja wa kufyatulia vipande, kwa Dodoma, ni maji, nami sikuitambua hadi nilipousimamia mmoja. Saruji inataka unyevu siku nyingi ili ifikie nguvu yake, ambayo kwa kawaida tunaipima siku ya 28. Ukimwaga lenta juu ya ukuta Agosti, upepo mkavu unaifyonza kabla ya jioni, na anayetakiwa kuimwagilia kila asubuhi ananunua maji kwa madumu. Mji wenyewe kwa sehemu kubwa umeishi kwa visima vya Mzakwe. Uwanjani tunazamisha vipande kwenye tangi, chini ya kivuli, na maji yale yale yanatumika kwa kundi linalofuata. Zege linakomaa sawasawa. Tunabakiza vipande vya majaribio na kuvivunja kwa mashine kabla hatujauza. Fundi wa mtaani hana nafasi ya kufanya hivyo kwa lenta moja moja.

Anayedhani mfumo wa aina hii hauwezekani kwetu akumbuke madarasa ya 2021 na 2022. Kwa fedha za mpango wa UVIKO-19, Serikali ilijenga madarasa 15,000 nchi nzima kwa miezi michache, shilingi milioni 20 kila darasa, kwa mafundi wa kawaida wa huko huko na tofali za kawaida. Kilichowezesha ni kwamba darasa lilikuwa moja: vipimo vile vile, milango ile ile, dirisha lile lile kutoka Bahi hadi Mpwapwa. Hiyo ndiyo nusu ya kwanza ya ujenzi wa kuunganisha, na tumeshaifanya. Madirisha yale kama yangetengenezwa mahali pamoja kwa kipimo kimoja, na lenta zake zikafyatuliwa kwenye uwanja mmoja kwa kila wilaya, tungekuwa tumeingia nusu ya pili bila kununua kiwanda kutoka nje.

Kwa sasa, kazi ninayoipenda kuliko zote ni ya mwalimu mmoja wa Chamwino. Aliponijia alikuwa na kiwanja na fedha ya msingi tu. Tulikaa kwanza na ramani hadi tukapata vyumba ambavyo upana wake wote unatumia mhimili wa urefu mmoja, na madirisha yote yanatumia lenta moja. Amekuwa akinunua vipande kila anapopata: vinakaa kwake vimepangwa chini ya mti, haviozi wala haviliwi na mchwa. Vyumba viwili vimeshapauliwa na familia imehamia. Juzi alinipigia kuuliza kama anaweza kuongeza cha tatu. Nikamwambia maboksi ya chuma ya mihimili yake tunayo na vipimo ni vile vile, alete fedha ya mihimili kwa awamu. Ila kabla ya yote achimbe mtaro upande wa mlimani, maana Desemba haiko mbali na udongo wa kona ile tuliupima, una mbuga kidogo.